Tisheti ya Voi 1983

Kwa miaka kumi na tisa Selpha Oluoch amekuwa akiwavisha watu wa Voi nyuso za wafu wao. Hapendi kazi yake isemwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Mtu akifa, iwe ni huku mjini au juu kabisa milimani, siku ya pili jamaa zake wako mlangoni pa kibanda chake nyuma ya soko, picha iko kwenye simu, macho mekundu. Wanataka tisheti nyeupe thelathini za matanga, uso wa marehemu kifuani, chini yake mahali alipofia na mwaka wenyewe. Selpha haulizi mtu amekufaje. Anasema pole na msiba, kisha anauliza saizi.

Kazi yenyewe si uchawi. Ana fremu za mbao zilizowambwa kitambaa chembamba kama chandarua. Anakipaka dawa, anailaza picha juu yake, anaitoa nje juani, na jua la Voi halina mchezo, dakika mbili tatu limemaliza. Akimwagia maji, pale palipokuwa na picha panafunguka, na wino ukisukumwa kwa raba unapita hapo na kutua kwenye nguo. Uso wa mtu unatokea. Ameona watu wakianguka mbele ya meza yake wakati huo, wanaume wazima, kwa hivyo siku hizi anachapa akiwa ameupa mlango mgongo.

Yeye ni Mjaluo wa Voi, na hilo ni kabila la peke yake. Babake, mzee Oluoch, alikuja kufanya kazi ya reli akawalea kwenye landhi, nyumba za mstari za wafanyakazi. Kidawida, lugha ya Wataita, Selpha anakijua cha sokoni, yaani cha kuomba kupunguziwa na cha kutukana. Akienda ziwani kwa matanga ya ukoo wanamwita Mtaita. Akirudi Voi ni Mjaluo tena. Alishazoea, halimnyimi usingizi.

Kila miaka mitano huja wanasiasa pia. Wao wanataka tisheti elfu na meno meupe kuliko waliyopewa na Mungu. Ndiyo maana katika Voi hii, na ukipanda Mwatate na ukifika Chawia, ukiona uso wa mtu wa kawaida kwenye tisheti huna haja ya kuuliza. Mwenyewe ama anaomba kura, ama amezikwa.

Ni Lynn, bintiye anayefanya kazi Nairobi, aliyemletea hadithi ya vitu vya kale. "Mathe, huku watu wanavaa vitu vya kitambo," alimwambia kwa simu. "Kaseti, redio za betri, zile tivi za milango. Old skul. Chapa hizo, wacha wafu wapumzike kidogo."

Selpha alicheka. Vitu vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vikimwaibisha utotoni kwao landhi, leo vimekuwa fasheni! Hata hivyo akachora kaseti, na penseli imechomekwa kwenye tundu lake, akachapa kwa rangi zilizochujuka makusudi ili nguo mpya ionekane imefuliwa tangu enzi za Moi. Wanafunzi wa chuo wakazigombania. Siku moja alimuuliza kijana mmoja aliyekuwa amejitia ujuzi wa mambo ya zamani, "Hebu niambie, hiyo penseli ni ya nini?" Kijana akasema ni ya kuandikia jina la wimbo. Selpha, aliyerudisha nyuma kanda ngapi kwa penseli, alitaka kumvua ile tisheti papo hapo.

Baada ya kaseti akachora redio, kisha viatu vya raizoni vyenye kisigino kirefu. Halafu akakumbuka bati la biskuti la babake.

Mzee Oluoch alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo, akazikwa kwao. Enzi zake alikuwa na kamera, na kila Jumapili aliwapiga watu picha nje ya ukumbi wa reli, mahali palipokuwa na dansi. Selpha alikuwa mtoto wa darasa la sita wakati huo, na anachokumbuka ni ngoma iliyopita ukutani mpaka kitandani. Humo batini akapata picha ya kijana mwenye gitaa. Nywele za afro, suruali ya bugaluu inayofagia chini, kichwa kimerudi nyuma kwa kicheko, meno yote nje. Nyuma ya picha mzee alikuwa ameandika Voi 1983. Jina hakuandika.

Selpha hakuuliza ni nani. Tuseme ukweli, hata wazo la kuuliza halikumjia. Watu wa kwenye picha za kale walionekana kwake kama hawana mtu, kama wamezaliwa na picha yenyewe. Akamkata yule kijana kiunoni, akamchapa kwa rangi ya kahawia, na chini yake akaandika kwa herufi nene zenye mviringo: VOI 1983.

Zilikwenda mbio. Waendesha bodaboda walizivaa, makanga walizivaa, wasichana walizikata shingo wakazifunga kiunoni. Wakampa jina, Budaa Eitithrii, yaani mzee wa themanini na tatu. Zikapanda Mwatate, zikavuka hadi Taveta. Mwanzoni Selpha alifurahi kila alipomwona. Baadaye alianza kuhesabu hatua. Akitoka nyumbani anamkuta steji. Akienda kununua mboga anamkuta tena, mara tatu, akicheka kicheko kilekile cha jambo ambalo hakuna aliyejua ni jambo gani. Kanisani alimkuta mbele yake akimtazama, maana kijana aliyeketi hapo alikuwa amevaa tisheti kinyume. Jumapili hiyo Selpha hakusikia mahubiri.

Asubuhi moja ya Jumanne akaingia mama mzee wa miaka themanini na kitu, amejifunga leso mbili, ameshikwa bega na mwanamke wa makamo. Mzee alikuwa amebeba kitambaa kilichokunjwa vizuri, kwa mikono miwili. Selpha alipoona tu jinsi alivyokibeba, mdomo ukafanya kazi yake ya siku zote kabla ya kichwa.

"Karibu mama, keti. Pole na msiba."

Mama mzee akaketi. Akavuta pumzi ndefu, kisha akasema, "Asante, mwanangu. Nimengoja miaka arobaini na miwili mtu aniambie hiyo pole."

Akakikunjua kitambaa juu ya mapaja. Budaa Eitithrii akacheka.

"Huyu ni Mwandawiro wangu," mama akasema. "Kifungua mimba. Mimi naitwa Tryphena, natoka Chawia, na huyu ni Alice, mjukuu wangu. Mwandawiro aliondoka nyumbani huo mwaka mliouandika hapa. Jumapili nilikuwa natoka kanisani nikamwona akija, yuko kifuani kwa kijana wa pikipiki. Nikaketi chini barabarani. Nikamwambia yule kijana, vua. Akavua, Mungu ambariki, akaenda kifua wazi na baridi ile ya kwetu." Kidole chake kikapita polepole juu ya zile herufi. "Kumbe alifia hapa hapa Voi. Mwaka uleule. Na mimi kila jioni namwombea safari njema, kumbe safari iliisha kitambo. Sikuja kugombana na mtu. Nataka tu uniambie mlimlaza wapi."

Selpha aliielewa ile balaa yote mara moja. Mahali na mwaka chini ya uso. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu wa wilaya nzima kusoma hivyo.

Neno la kusema lilikuwa moja tu, na lilikuwa jepesi: mama, hii ni fasheni, simjui huyu kijana wala sijui kama amekufa. Lakini ukimwambia hivyo, unamrudisha wapi? Unamrudisha kwenye kungoja. Selpha alimtazama yule mama, akaona uso wa mtu aliyetua mzigo sasa hivi, bado shingo haijaamini.

"Picha ilikuwa ya marehemu babangu," akasema. "Yeye ndiye aliyeandika mwaka."

"Basi babako alijua."

"Pengine alijua."

Hilo "pengine" ndilo analolijutia hadi leo. Uongo mzima ungekuwa na aibu ndogo kuliko hilo.

"Na kaburi?"

"Hilo hakuniambia, mama."

Tryphena akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Alice alimfuata Selpha nje, kwenye jua, alipokwenda kujitia kumwaga maji. Alice ni mwalimu pale Mwatate, na hizo tisheti huzikuta zimevaliwa ndani ya sare za wanafunzi wake kila siku.

"Hii ni ya fasheni, sivyo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni ya fasheni. Acha niingie nimwambie."

"Tafadhali, Mama Lynn. Nyanya hajawahi kukubali jina la anko lisomwe kanisani pamoja na majina ya marehemu. Sasa amekubali mwenyewe. Juzi alilala mpaka saa moja asubuhi, sijawahi kumwona amelala hivyo." Akamshika mkono. "Wacha tu."

Wakaacha tu. Wanawake wawili wenye akili zao timamu walisimama nyuma ya soko la Voi wakamuua mtu kwa huruma.

Swali likawa watazika nini. Selpha, kwa kuwa ulimi wake ulishazoea kuongeza, akasema kwao ziwani mtu akipotea kabisa huzikwa tunda la mti wa yago badala yake. Tryphena akafikiri. Akasema yago hana, lakini uso anao. Fundi akatengeneza sanduku dogo la mbao, na tisheti ikakunjwa humo, uso juu. Selpha akachapa nyingine thelathini za jamaa, safari hii zikiwa na jina na miaka yote miwili, 1962 na 1983. Alipanda Chawia siku ya mazishi kwa sababu hakujua angebakije huku chini Voi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walionekana vifua kwanza, nyuso thelathini za kijana anayecheka zikitoka kwenye weupe, na nyuma yake ndipo vichwa vyao wenyewe vinavyolia. Tryphena alilia kwa sauti kubwa tangu mwanzo hadi mwisho. Alilia kilio cha miaka yote ile, akakimaliza, akanawa uso, akauliza kama wageni wamekula.

Tangu siku hiyo, alisema Alice kwenye simu, nyanya alinenepa. Alianza kulima tena kishamba cha maharagwe. Selpha alijiambia kwamba basi si vibaya. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini.

Na fremu haikusafika. Aliisugua kwa sabuni, akaisugua kwa jiki, akaianika, akaitazama dhidi ya mwanga: kijana yuko pale, hafifu, anacheka ndani ya nyuzi. Kila mchapaji anajua jambo hili, picha iliyochapwa mara nyingi huacha kivuli kwenye kitambaa, na kivuli chenyewe hakipitishi wino. Selpha alijua hivyo pia. Alichapa tisheti za kwaya ya akina mama, maandishi tu, hakuna picha. Mwenye kwaya akairudisha moja, akaionyesha. "Huyu nani nyuma ya Zaburi?" Ilikuwa alama ya wino isiyo na maana, mtu mwingine asingeiona. Selpha aliyaona meno. Fundi mwenye amani angeng'oa kile kitambaa akawamba kipya. Yeye aliigeuza fremu ikatazama ukuta, akaiacha hapo.

Alikuja Ijumaa, mchana kweupe, soko limejaa. Mzee mwembamba mwenye upara, viatu vya mpira vina tope lililokauka, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni. Alisimama mlangoni muda mrefu. Selpha akamuuliza anataka saizi gani.

"Sitaki saizi," akasema. "Nataka kujua ni nani alikupa picha yangu."

Selpha hakuuliza ni picha ipi. Alikuwa akiutafuta ule uso ndani ya huu aliokuwa akiutazama, na aliupata kwa shida, pembeni mwa macho, kama mtu anayetafuta nyumba ya zamani kwenye mtaa uliobomolewa.

"Niko Mboghoni, huko Taveta," mzee akasema. "Nalima ndizi na nyanya, kando ya mfereji. Wiki mbili zimepita nilikuwa nafungulia maji, nikajiona nakuja. Kwa baiskeli. Nina nywele, nacheka. Nilijua nimekufa, mama, nakwambia kweli. Nililiachia jembe likaenda na maji."

Alipewa kiti, akapewa maji. Akaeleza mambo yake bila kuomba huruma. Babake, Josephat, alikuwa mzee wa kanisa. Alimsimamisha mbele ya waumini wote akamwambia asirudi nyumbani mpaka aache gitaa na dansi. Akaenda na bendi, wakavuka mpaka, wakapiga Moshi, wakapiga Arusha.

"Gitaa niliacha baada ya miaka sita," akasema. "Lakini sasa nikawa nina aibu ya miaka sita. Nikasema nitakwenda Krismasi. Krismasi ikipita, ile inayokuja inakuwa nzito zaidi. Baba nilisikia amekufa, sikwenda. Baada ya hapo ningekwenda na mdomo gani?" Alizungusha kikombe mkononi. "Mamangu. Bado yuko?"

"Yuko," Selpha akasema. Kisha akamwambia yote, sanduku, ukungu, 1962 na 1983. Hakumficha chochote safari hii. Mzee alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza jambo moja tu, kama mama alilia.

Kesho yake wakapanda Chawia. Selpha alikuwa amempigia Alice. "Mlete," Alice akasema. "Lakini mimi simwambii kitu. Ningeanzia wapi?"

Tryphena alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Macho yake hayana kasoro, punje yenye tundu la mdudu aliitupa bila kuinama. Chini kidogo ya nyumba Ben, ndugu yake Alice, alikuwa akilima na tisheti yake ya matanga, maana tisheti ya matanga ikishazika huwa nguo ya shamba. Nyuma yake msalaba mweupe. Mwandawiro alisimama kati ya vitu hivyo, kaburi lake na uso wake, hajui aweke wapi mikono.

Akapiga magoti. "Mama. Ni mimi, Mwandawiro."

Mkono wa Tryphena ukasimama kwenye ungo. Alimtazama, upara, shingo iliyokunjamana, mikono ya mkulima. Alimtazama mpaka kuku wakaja karibu na maharagwe na hakuna aliyewafukuza. Selpha akaingilia kati akilia, akasema ni yeye mwenye makosa, picha ilikuwa ya fasheni, "pengine" ilikuwa uongo, mwanao ni huyu hapa. Alisema yote tangu bati la biskuti. Tryphena alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza tangazo la harambee ya kanisa la mbali.

"Mwandawiro ni yule," akasema, akionyesha kwa kidevu kifua cha Ben. "Ana miaka ishirini na mmoja. Nilimlilia hapa mbele ya watu." Mkono ukarudi kwenye ungo, punje nzima na mbovu zikienda pamoja. "Alice, mpe mgeni chai."

Alimjua. Selpha yuko tayari kuapa hivyo mbele ya yeyote, alimjua tangu alipoingia pale uani kabla hata hajapiga magoti. Lakini miaka arobaini na miwili ya kungoja alikuwa ameitoa yote siku ya ukungu, na hakubaki na kitu cha kumpokelea huyu. Mtu asimlaumu. Wa kulaumiwa ni wengi, na mmoja wao aliketi palepale akilowesha leso ya watu kwa machozi.

Chai ikaja, ya maziwa, yenye tangawizi. Mwandawiro akapewa kiti cha wageni. Walikunywa, na Ben, ambaye alikuwa ameshaelewa, alivua tisheti yake kule shambani akaikunja akaikalia.

"Umetoka mbali?" Tryphena akamuuliza mgeni.

"Mboghoni, mama."

"Unaye mama?"

"Ninaye."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi unakaa kwa watu kufanya nini? Mwendee. Sisi hatuwezi kungoja milele."

Mwandawiro hakuinuka hapo hapo. Alikunywa ile chai mpaka tone la mwisho, kwa sababu alikuwa amefundishwa na mwanamke yuleyule kwamba chai ya watu haiachwi kikombeni.